Wimbi la moyo nililopakia kwenye jenereta ya mawimbi linatoka likiwa limepotoka: tatizo liko wapi?

Mwanagenzi_VifaaTiba (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Ninasoma stashahada ya vifaatiba hapa Mwanza, na kazi yangu ya mwisho ni kutengeneza kifaa kidogo cha kuonyesha mapigo ya umeme ya moyo, yaani ECG, kwa kutumia moduli ya AD8232 (chipu ya kukuza na kuchuja ishara ya moyo) inayopeleka ishara kwenye kompyuta mpakato kupitia Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu). Msimamizi wangu ameagiza kwamba kifaa kisiguse mwili wa mtu yeyote kabla hakijathibitishwa kwa ishara ya bandia. Maabara yetu haina kifaa cha kuigiza mgonjwa, lakini ina jenereta ya mawimbi ya bei nafuu ambayo, mbali na mawimbi ya kawaida ya sine, mraba na pembetatu, inamruhusu mtumiaji kupakia umbo la wimbi alilolitengeneza mwenyewe. Umbo hilo lina pointi 8192, kila pointi ina biti 14, na kasi ya jenereta ni sampuli milioni 250 kwa sekunde.

Nimetengeneza mafaili mawili. La kwanza lina pigo moja tu la moyo, ambalo nililichora kwa kipanya kwenye dirisha la programu iliyokuja na jenereta, nikifuata michoro ya vitabuni yenye wimbi la P (kilima kidogo cha mwanzo), kundi la QRS (mwiba wa katikati, ambao kilele chake ni R) na wimbi la T (kilima kipana cha mwisho). La pili lina mapigo halisi: nilipakua rekodi kutoka hazina ya MIT-BIH (mkusanyo wa rekodi za ECG za wagonjwa) iliyoko kwenye tovuti ya PhysioNet, nikakata kipande cha sekunde nane chenye mapigo kumi, nikakipanga kwenye Excel na kukihifadhi kama faili la CSV, ambalo programu ililipokea bila kipingamizi.

Matatizo ni haya. Nikiweka faili la kwanza kwa Hz 1.2 ili nipate mapigo 72 kwa dakika, oskiloskopu (chombo kinachochora ishara ya umeme kwenye skrini) inaonyesha P na QRS zinazoridhisha, lakini mara baada ya R mstari wa msingi unazama, kisha T inapanda kidogo na kuzama tena chini ya mstari, jambo ambalo halimo kabisa kwenye mchoro wangu. Oskiloskopu iko katika hali ya AC (inayozuia volti ya kudumu), kama tunavyofanya siku zote kwa ishara ndogo. Faili la pili, kwa Hz 1.2 hiyohiyo, linatoa msongamano wa miiba, na moduli ikilipokea ninaona viwimbi vidogo tu visivyofanana na moyo, pamoja na mwiba mmoja mwembamba katika kila mzunguko ambao haumo kwenye rekodi. Zaidi ya hayo, jenereta nimeiunganisha moja kwa moja na pembejeo za moduli na kuishusha hadi mV 5, kiwango chake cha chini kabisa, na hapo sehemu kubwa ya ninachokiona ni kelele ya Hz 50.

Je, jenereta yenyewe ndiyo dhaifu, au kuna namna ya kuandaa mafaili haya ambayo siijui?

FundiSakiti

Ndugu Mwanagenzi, jenereta yako inatosha kabisa kwa kazi hii. Nianze na faili la pili, kwa kuwa ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi.

Jenereta haijui kwamba ndani ya faili kuna mapigo kumi. Inachokiona ni orodha ya pointi 8192, ambazo inazisoma kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi mwanzo bila kupumzika, na masafa unayoyaandika kwenye skrini ni idadi ya mara inazoimaliza orodha nzima katika sekunde moja. Ukiandika Hz 1.2, unaiagiza icheze sekunde nane za rekodi ndani ya sekunde 0.83, kwa hiyo mapigo kumi yanageuka kuwa mapigo 720 kwa dakika. Kasi hiyo inausukuma umeme wa QRS kwenye masafa ya mamia ya Hz, ilhali moduli nyingi za AD8232 zinazouzwa madukani zimepangiwa filta inayopitisha masafa ya kuanzia Hz 0.5 hadi Hz 40 tu. Filta imefanya kazi yake na kukubakizia viwimbi. Andika Hz 0.125, yaani moja gawanya kwa nane, na moyo utarudi kwenye mwendo wake.

Mwiba unaojitokeza mara moja kwa kila mzunguko unatokana na maungio. Faili ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi na ncha zake zikafungwa pamoja: pointi ya 8192 ina jirani upande wake wa pili, na jirani huyo ni pointi ya kwanza. Rekodi za wagonjwa huwa na mstari wa msingi unaopanda na kushuka polepole kwa sababu ya kupumua na kujigeuza, kwa hiyo mwisho wa kipande chako haulingani kwa urefu na mwanzo wake, na jenereta inaruka ghafla kutoka kimo kimoja kwenda kingine. Mruko huo unaonekana kama mwiba kila baada ya kupita kwenye filta.

Dawa yake ina hatua mbili. Kwanza, usikate kwa kufuata sekunde kamili. Kata kwa kufuata moyo, ukianzia kwenye sehemu tulivu kabla ya P ya pigo la kwanza na kuishia kwenye sehemu kama hiyohiyo kabla ya P ya pigo la kumi na moja. Pili, chukua tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho, kisha uiondoe kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka kutoka sampuli ya kwanza hadi ya mwisho. Katika Excel hiyo ni fomula moja inayoburutwa kwenda chini. Baada ya kukata hivyo, urefu wa kipande hautakuwa sekunde nane kamili, kwa hiyo masafa yapatikane kwa hesabu: rekodi za MIT-BIH zina sampuli 360 kwa sekunde, hivyo kama kipande chako kina sampuli 2905, masafa ni 360 gawanya kwa 2905, yaani Hz 0.1239.

Ninalo swali moja: programu ilifanya nini na sampuli zako 2880 ilipotakiwa kujaza pointi 8192? Baadhi ya programu hizi hurudia kila sampuli, na wimbi likatoka na ngazi; nyingine hujaza sifuri mwishoni, ukapata moyo unaosimama kila baada ya mapigo kumi.

Kijana_wa_Moduli

Mkuu, kwa nini usumbuke na jenereta ya maabara? Kuna moduli ya AD9833 inayouzwa kwa bei ndogo sana, inaunganishwa na Arduino, na mtandaoni inaitwa jenereta ya mawimbi. Ningeitumia hiyo na kuachana na haya yote.

FundiSakiti

Kijana, AD9833 ni chipu nzuri, lakini haitaweza kazi hii. Inatoa sine, pembetatu na mraba pekee. Jedwali la sine limechongwa ndani ya chipu yenyewe tangu kiwandani, na hakuna mahali pa kuandika pointi zako. Asiye na jenereta ya kupakia mawimbi ni afadhali atumie ESP32 ya awali (bodi ndogo inayopangiwa programu kama Arduino), yenye vigeuzi viwili vya dijiti kwenda analogi vya biti 8, kwa kuwa ngazi 256 zinatosha kuanzia majaribio ya aina hii. Kutumia tundu la sauti la kompyuta nako sikushauri, kwa sababu huwa na kapasita njiani inayopunguza ishara za masafa ya chini, na T ya moyo iko hukohuko chini.

Mkufunzi_Maabara

Nimefurahi kuona mada ya namna hii. Naongezea yale ambayo FundiSakiti hakuyagusa, kwa maana nusu ya matatizo yaliyotajwa hayamo kwenye faili wala kwenye jenereta.

Tuanze na T inayozama. Oskiloskopu ikiwa katika hali ya AC, ishara hupitia kapasita kabla ya kupimwa, na kapasita hiyo pamoja na ukinzani wa pembejeo ni filta inayokata kila kilicho chini ya Hz chache, na katika vyombo vingine hadi karibu Hz 10. Wimbi lako linajirudia mara 1.2 kwa sekunde, na T ni kilima kipana kinachochukua takribani moja ya tano ya sekunde, kwa hiyo kapasita hailipi nafasi ya kusimama. Baada ya R kupita, kapasita iliyokwisha kuchajiwa inauvuta mstari chini ya sifuri. Kilima cha T kinapanda kikitokea kwenye shimo hilo, kisha nacho kinaacha shimo jingine. Bonyeza kitufe cha hali ya DC, ambayo haipitishi ishara kwenye kapasita hiyo, weka mwendo wa polepole ambapo mstari unatembea kwenye skrini kama karatasi ya ECG, na uangalie tena kabla hujagusa pointi hata moja ya mchoro wako. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona wanafunzi wakirekebisha faili zima ili lionekane sawa kwenye hali ya AC, wakaishia na wimbi bovu linalopendeza machoni. Katika ECG, kushuka kwa sehemu iliyo kati ya S na T ni dalili ambayo daktari huitafuta. Kifaa kinachoizua dalili hiyo ni hatari kuliko kifaa kisichofanya kazi.

Sasa ukubwa. R ya kawaida juu ya ngozi ni takribani mV 1, na hakuna haja ya kuilazimisha jenereta ishuke huko. Kelele ya jenereta na ya kebo haipungui sana unapopunguza ukubwa wa wimbi, kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo wimbi linavyozama ndani ya kelele. Iache jenereta itoe volti, kisha uigawe ishara mwishoni kabisa mwa kebo, kwenye mlango wa moduli, kwa rezista mbili: kiloohm 100 mfululizo na ishara, na ohm 100 kutoka hapo kwenda kwenye waya wa pamoja. Mgawanyo unakuwa moja kwa 1001, hivyo kila volti 1 inakuwa mV 1 kwa kosa ambalo ni dogo kuliko kosa la rezista za asilimia 1. Zifunge rezista hizo ndani ya kikopo cha chuma kilichounganishwa na waya wa pamoja, na kelele yote iliyookotwa njiani nayo itagawanywa kwa elfu moja.

Kabla ya kuamini namba ya skrini, pima volti ya jenereta kwa oskiloskopu. Jenereta nyingine huonyesha volti zitakazokuwepo pindi mzigo wa ohm 50 ukiunganishwa, na zisipopata mzigo huo hutoa maradufu ya kilichoandikwa. Kigawanyo chako cha kiloohm 100 kwao ni sawa na kutokuwa na mzigo.

Linalobaki ni ethi (waya wa umeme unaokwenda ardhini), na hapa naomba usome polepole. Waya wa nje wa kebo ya jenereta kwa kawaida umeunganishwa na ethi ya ukutani. Kompyuta mpakato ikiwa kwenye chaja yenye pini tatu, mara nyingi waya wa sifuri wa USB nao unafika kwenye ethi hiyohiyo. Matokeo yake pembejeo za AD8232 zinabanwa kwenye usawa wa sifuri wa chipu, ilhali chipu inayotumia volti 3.3 upande mmoja tu inataka pembejeo zake zielee karibu na katikati, yaani volti 1.65. Chomoa chaja na utumie betri ya kompyuta. Unganisha RA na RL (nyaya za moduli za mkono wa kulia na mguu wa kulia) kwenye waya wa pamoja wa kigawanyo, na LA (ya mkono wa kushoto) kwenye makutano ya rezista mbili. RL itaupandisha waya wa pamoja hadi mahali chipu inapopataka. Usiiache RL ikining'inia, kwa maana pembejeo zitakimbilia ukingoni na utaona mstari ulionyooka. Wimbi likitoka limepinduka, badilishana LA na RA.

Kama jenereta yenu ni ya zile zenye plagi ya pini mbili, waya wake wa nje haushiki ethi yoyote, na kapasita za ndani ya ugavi wake wa umeme huuacha ukielea kwenye volti nyingi zenye mkondo mdogo sana. Mkondo huo hautamuua mtu, lakini unatosha kukujazia Hz 50 kila mahali. Mwombe fundi umeme wa chuo aiwekee ethi, usiifungue mwenyewe. Na hata siku kifaa kitakapokamilika, kisiunganishwe na mtu wakati waya wowote wa jenereta ungali umeshikamana nacho.

Mwanagenzi_VifaaTiba

Ninawashukuru sana, wakuu. Nimeweka oskiloskopu katika hali ya DC na T imesimama kama nilivyoichora. Mashimo yote mawili yametoweka. Kigawanyo nimekijenga ndani ya kopo la chuma la majani ya chai, na kompyuta inatumia betri. Kelele imepungua kiasi kwamba P inaonekana waziwazi. FundiSakiti, programu ilirudia sampuli. Nikikuza picha ninaziona ngazi.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mchoro wa kipanya una mikwaruzo mingi, na kila nikirekebisha mahali pamoja ninaharibu pengine: je, kuna njia ya kulitengeneza pigo moja kwa hesabu? Na nitazigeuzaje sampuli 2880 kuwa pointi 8192 bila ngazi?

Bi_Masafa

Mwanangu, habari za kazi. Nimekuwa nikisoma kimya, ila maswali haya mawili ndiyo kazi yangu ya kila siku, basi nitayachukua.

Pigo la moyo linaweza kujengwa kwa vilima vitano vya Gauss (mikunjo yenye umbo la kengele) vilivyojumlishwa, kimoja kwa kila herufi. Kwenye Excel weka safu ya muda t inayoanzia sifuri na kwenda hatua 8192 sawasawa hadi karibu na sekunde 0.8333, ambao ndio urefu wa pigo moja kwa mapigo 72. Kila kilima ni A*EXP(-((t-c)^2)/(2*s^2)), ambapo A ni kimo kwa mV, c ni mahali pa kilele na s ni upana, vyote viwili kwa sekunde. Mimi huanza na P yenye kimo 0.12, kilele 0.200 na upana 0.025, Q yenye −0.10, 0.325 na 0.008, R yenye 1.00, 0.350 na 0.010, S yenye −0.20, 0.375 na 0.010, halafu T yenye 0.30, 0.600 na 0.045. Kwa namba hizi muda wa kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS unakuwa takribani sekunde 0.16, na wa kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T takribani 0.38, mipaka ambayo mtu mzima mwenye afya huwa ndani yake. Ukitaka T iliyopinduka, geuza alama ya kimo chake; ukitaka sehemu ya kati ya S na T iliyopanda, ongeza kilima cha sita kipana. Maungio hayahitaji dawa yoyote, kwa kuwa mwanzoni na mwishoni mwa safu vilima vyote vimekwisha kufifia hadi karibu na sifuri.

Kuhusu kunyoosha sampuli, mstari ulionyooka kati ya sampuli mbili unatosha. Wapo watakaokuambia utumie mikunjo ya daraja la tatu, na hawakosei, lakini mbele ya filta ya Hz 40 hutaona tofauti. Kwa pointi ya k, ukihesabu kuanzia 0 hadi 8191, tafuta nafasi k×N/8192, N ikiwa idadi ya sampuli zako. Sehemu nzima ya jibu inakuonyesha sampuli ya kushoto, na sehemu ya desimali inakuonyesha umesogea kiasi gani kuelekea ya kulia. Pointi chache za mwisho zitatafuta jirani wa kulia na kumkosa. Jirani wao ni sampuli ya kwanza, na ukisahau kumweka hapo, ule mwiba wa maungio utarudi hata kama umeshaondoa mteremko.

Kuna jambo ambalo hamjalitaja, nalo ni sifuri. Programu nyingi, zikipokea CSV, huivuta pointi ya chini kabisa hadi −1 na ya juu kabisa hadi +1. Moyo hauna ulinganifu wa juu na chini. Kama R inafika mV 1.2 na S inashuka hadi −0.4, mvuto huo utauweka mstari wako wa msingi kwenye −0.5, na jenereta itatoa volti ya kudumu ambayo wewe hukuiomba. AD8232 itaivumilia kwa sababu inachuja DC, ila siku utakapojaribu kikuzaji kisicho na filta hiyo, utatafuta kosa lisilokuwepo. Gawanya pointi zote kwa namba moja tu, ile iliyo kubwa kuliko zote ukipuuza alama, kisha uongeze mahali panapofaa pointi moja ya +1 na moja ya −1 ikiwa programu inakataa kuacha kuvuta. Pointi moja kati ya 8192, kwa sekunde nane za rekodi, ni chini ya sekunde 0.001, na filta ya moduli itaimeza karibu yote. Kwa mfano huu, jenereta ikiwekwa kwenye volti 2.4 kutoka kilele hadi kilele, +1 ni volti 1.2, na baada ya kigawanyo cha Mkufunzi R inatoka ikiwa mV 1.2 kama ilivyokuwa kwa mgonjwa. Lakini pima, kwa maana jenereta nyingine huhesabu ukubwa kwa kufuata pointi za juu na chini zilizomo kwenye faili, nyingine kwa kufuata upana wote zinaoweza kutoa.

Kuhusu rekodi zenyewe za MIT-BIH, ambazo ni 48 za nusu saa kila moja, zilikusanywa katika hospitali ya Beth Israel huko Boston kati ya 1975 na 1979, na umeme wa Marekani ni wa Hz 60. Ukiona kamchirizi kembamba ka Hz 60 juu ya mstari wa msingi, kalikuja na rekodi. Filta ya kuziba Hz 50 tunayoitengeneza huku haitakaondoa, na kutokakaondoa si kosa lake. Namba za ndani ya mafaili hayo si mV pia: ondoa 1024, kisha ugawanye kwa 200.

Mtunza_Stoo

Samahani kwa kuingilia. Sisi kwenye stoo ya idara tuna HP 33120A ya zamani ambayo hakuna anayeigusa. Inaweza kufanya haya mnayoyasema?

Bi_Masafa

Itoe stoo leo hii, ndugu yangu. Ina biti 12, sampuli milioni 40 kwa sekunde na hadi pointi 16,000, na wimbi la moyo limo ndani yake tayari kati ya mawimbi ya kiwandani, hivyo unaweza kuanza bila kompyuta. Kupakia la kwako unatuma maandishi kupitia RS-232 au GPIB (njia mbili za kuiunganisha na kompyuta): DATA VOLATILE ikifuatwa na pointi zako kati ya −1 na +1, kisha FUNC:USER VOLATILE, halafu FUNC:SHAP USER. Kwa RS-232 pointi nyingi zitachukua muda mrefu, basi anza na mia chache. Hiyo ndiyo aina aliyoisema Mkufunzi, inayodhani una mzigo wa ohm 50 hadi uiambie vinginevyo kwa OUTP:LOAD INF.

Tahadhari moja ya mawimbi ya haraka, isiyomhusu Mwanagenzi kwa sasa. Ukizidisha idadi ya pointi kwa masafa na jibu likapita kasi ya sampuli, jenereta ya namna hii huanza kuruka pointi. Kwa pointi 16,000 na sampuli milioni 40, mpaka ni Hz 2,500. Kwa mashine ya Mwanagenzi ni karibu Hz 30,500. Juu ya mpaka huo, mwiba wenye upana wa pointi moja utaonekana katika mzunguko huu na kutoweka katika mwingine.

Mwanagenzi_VifaaTiba

Shikamoo, Bi Masafa. Vilima vitano vimefanya kazi kwa namba zilezile ulizozitoa, na faili la mapigo kumi linazunguka bila mwiba wowote. Kilichobaki ni kwamba R inayotoka kwenye moduli ni fupi kidogo kuliko hesabu ya mV 1 mara ukuzaji wa 1100 ulioandikwa kwenye maelezo ya moduli, na nikipandisha wimbi hadi R ya mV 2 kilele chake kinakatwa. Je, niandike kwenye ripoti kwamba filta inaipunguza R?

Mkufunzi_Maabara

Ukitenganisha mambo mawili utaandika kwa uhakika zaidi. Kukatwa kwa kilele ni volti tu: moduli inaanzia volti 1.65 na haiwezi kupita 3.3, kwa hiyo kwa ukuzaji wa 1100 inaishiwa nafasi R inapofika karibu mV 1.5. Hilo liandike kama mpaka wa kifaa.

Upungufu wa R usiuhukumu kwa wimbi la moyo. R ya Bi Masafa yenye upana wa sekunde 0.010 ina umeme kidogo sana juu ya Hz 40, kwa hiyo filta peke yake haiwezi kuipunguza mno, na sehemu ya upungufu inaweza kuwa ni rezista za kigawanyo au za moduli yenyewe. Rudi kwenye sine ya kawaida kupitia kigawanyo hichohicho: pima ukuzaji kwa Hz 10, ambapo filta zote mbili hazina neno kubwa, na hiyo ndiyo namba yako halisi badala ya 1100 ya maelezo. Kisha upandishe masafa hadi matokeo yashuke kufikia 0.707 ya kile ulichokipata kwa Hz 10, uandike yalipofika. Ushuke upande wa chini ufanye vivyo hivyo, ukisubiri kila mara mizunguko kadhaa itulie kabla ya kusoma, kwa sababu kwa Hz 0.5 mzunguko mmoja ni sekunde mbili.

Ukimaliza, weka mraba wa mV 1, ule unaotumiwa kusawazisha mashine za ECG, ambao kwenye karatasi huchukua milimita 10. Paa lake litateremka badala ya kubaki bapa, na hilo ni filta ya Hz 0.5 ikifanya kazi, si wimbi lako. Mashine za uchunguzi kamili huanzia Hz 0.05 kwa sababu hiyohiyo, na ripoti yako iseme wazi kwamba kifaa hiki ni cha kufuatilia mwendo wa mapigo, na hakifai kusomea sehemu ya kati ya S na T.